Je, Mfalme Atamsamehe Shemeji Yake?

 

Jumamosi moja, baada ya mazoezi ya kwaya, vijana wetu walibaki kanisani wakizunguka kompyuta ndogo ya mmoja wao. Papa mmoja mzee wa kanisa alipita akaguna: “Hata nyumbani mwa Mungu mnacheza gemu?” Akaenda zake. Mimi nami nilitaka kuguna, lakini mvua ilikuwa imeanza, nikakosa pa kwenda. Nikavuta benchi nikatazama.

Mchezo wenyewe unaitwa Aurion: Legacy of the Kori-Odan. Haukutengenezwa Ulaya wala Japani. Uliundwa Yaoundé, Kameruni, na vijana wa kampuni ya Kiro'o Games, ukatoka mwaka 2016. Ni hadithi ya kubuni, katika ulimwengu ambao haupo. Mwanamfalme Enzo anakaribia kutawazwa kuwa mfalme wa nchi iitwayo Zama, na siku hiyo hiyo anamwoa Erine. Ni siku ya furaha mbili. Lakini siku hiyo ndiyo anayopinduliwa, na anayempindua si adui kutoka mbali. Ni shemeji yake, kaka wa bibi arusi. Mume na mke wanafukuzwa nchini mwao, wanakuwa wakimbizi, wanazunguka nchi za watu wakitafuta nguvu ya kurudi. Nguvu hiyo wanaipata katika urithi wa mababu zao.

Kijana aliyekuwa akicheza aligeuka akaniuliza: “Papa, huyu mfalme atamsamehe shemeji yake?”

Kabla sijafungua kinywa, mama mmoja aliyekuwa kwenye kona akimenya matoke ya chakula cha kwaya alijibu bila kuinua macho: “Kama ni yeye peke yake aliyeumizwa, anaweza kusamehe. Lakini waliokufa siku ile je? Nani atasamehe kwa niaba yao?”

Kijana akanyamaza. Mimi pia. Mvua ilipokatika nilirudi nyumbani na swali hilo, na tangu siku hiyo halijaniacha. Ndilo ninalotaka tulifikirie pamoja.

MCHEZO NA KIDONDA

Tuanze na jambo dogo. Je, ni haki kuzungumzia mambo mazito kama haya kwa sababu ya mchezo wa watoto? Wako watakaosema kwamba vita si mchezo. Ni kweli. Lakini tazameni watoto wetu. Nani kati yetu hajawaona, kule kambini au hapa mtaani, wakichukua vijiti wakavifanya bunduki, mmoja akawa askari, mwingine akajifanya amekufa? Hatukuwafundisha. Walikuwa wakisema kwa mikono jambo ambalo ulimi haukuweza kulisema.

Hapa hapa Uganda pametoka mfano ambao umejulikana dunia nzima. Lual Mayen ni kijana wa Sudan Kusini. Alizaliwa wakati wazazi wake wakikimbia vita, na dada zake wawili walikufa katika safari hiyo. Alikaa miaka 22 katika kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Uganda. Alipoona kompyuta kwa mara ya kwanza aliitamani, akamwambia mama yake. Mama huyo aliweka akiba miaka 3 mpaka akafikisha dola 300, akamnunulia. Hapakuwa na umeme pale walipoishi. Kijana alitembea saa 3 kwenda kuichaji, na saa 3 kurudi. Mchezo wa kwanza aliouona ulikuwa Grand Theft Auto: Vice City, ambao mchezaji anaiba magari na kupiga watu risasi. Akajiuliza: Je, sisi tuliokulia ndani ya vita tunahitaji kufundishwa hilo tena? Akajifundisha mwenyewe kutengeneza programu, na mwaka 2016 akatoa mchezo wake aliouita Salaam, yaani amani. Katika umbo lake la baadaye, mchezaji anakuwa mkimbizi. Lazima akimbie, apate maji, apate chakula, apate dawa, afike mahali penye amani. Mwaka 2017 Mayen alihamia Washington, Marekani, na mwaka 2018 alitunukiwa katika sherehe kubwa za tuzo za michezo ya kompyuta.

Ninayataja haya si kwa kusifu kompyuta. Natazama jambo moja tu. Mtu huyu alichukua njia ile ile ya miguu iliyoua dada zake, akaiweka mbele ya macho ya watu ambao hawajawahi kukimbia, akawaambia: tembeeni humu kidogo. Kidonda chake hakukificha, wala hakukigeuza kuwa kisu.

Na katika michezo hii yote kuna kitufe kimoja ambacho maisha hayana: kuanza upya. Enzo akianguka katika vita, mchezaji anabonyeza, Enzo anasimama tena. Nilipoona hivyo nilielewa kwa nini watoto wetu hawaachi simu. Mtoto aliyeona kitu kisichoweza kurudishwa anapenda mahali ambapo kila kitu kinarudishwa. Anapumzika humo. Tusimchape kwa hilo. Lakini tusimwache humo peke yake pia, maana mwisho wa siku simu inazimika, na baba aliyekufa bado hayupo.

KIDONDA SI UPUNGUFU WA IMANI

Wapendwa, niseme wazi jambo ambalo makanisani mwetu tunalisema kwa kunong'ona. Wako ndugu kati yetu ambao bodaboda ikitoa mlio mkali wanajitupa chini. Wako wanaoogopa usiku wa mwaka mpya kwa sababu ya fataki. Wako ambao hawalali, na wakilala wanapiga kelele. Wako wanaotukana watoto wao bila sababu, kisha wanalia. Wako wanaokaa katikati ya ibada na nyuso zao ziko mbali, kama mtu aliyeacha nyumba wazi akaondoka.

Ndugu hao hawana pepo kwa sababu tu wameumia. Wala si kweli kwamba hawaombi vya kutosha. Yusufu aliuzwa na ndugu zake akiwa kijana. Alipokuwa mtu mkubwa Misri alimwita mwanawe wa kwanza Manase, akisema kwamba Mungu amemsahaulisha taabu yake na nyumba ya baba yake (Mwanzo 41). Jina zuri. Lakini soma mbele. Ndugu zake walipotokea, alijitenga akalia. Alipomwona Benyamini aliingia chumbani akalia. Alipojitambulisha alilia kwa sauti mpaka nyumba ya Farao ikasikia. Hata baada ya baba yao kufa, miaka mingi baadaye, alilia tena. Mtu aliyesema amesahau! Kumbe kidonda kilikuwepo, na Mungu alikuwa naye pamoja na kidonda chake.

Kwa hiyo kuponywa si kutolia tena. Nadhani kuponywa ni pale jambo lile linapoacha kuwa bwana wako, likawa sehemu ya habari yako. Nalo haliji kwa amri. Rafiki za Ayubu tunawalaumu sana, na ni haki, lakini siku 7 za kwanza walifanya vizuri: walikaa naye chini, hawakusema neno (Ayubu 2). Walipoanza kuhubiri ndipo walipoharibu.

KOSA LANGU MWENYEWE

Hapa lazima niungame. Yule mama aliyekuwa akimenya matoke ninamfahamu tangu siku zake za kwanza Kampala. Siku moja alikuja nyumbani kwangu akaanza kunieleza kilichotokea kijijini kwao. Waliowaua watu wake hakuwaita waasi. Aliwataja kwa majina, maana walikuwa majirani. Mmoja wao alikuwa amekula harusini kwake. Alikuwa bado hajafika katikati ya habari yake nikamkatisha. Nikamwambia: “Mama, samehe. Usiposamehe Mungu hatakusamehe.” Nikamfungulia Biblia, nikamwonyesha mstari.

Alinyamaza, akashukuru, akaondoka. Hakunieleza tena mwisho wa habari ile. Kwa muda mrefu nilidhani nilimhudumia. Sasa najua kwamba nilitaka anyamaze, kwa sababu habari yake ilikuwa ikiamsha ya kwangu. Nilitumia msamaha kama mfuniko wa sufuria.

Ndiyo maana jibu lake kuhusu mfalme lilinichoma. Sikulisikia kama jibu la mchezo tu.

MSAMAHA SI NINI

Tutenganishe basi mambo ambayo huchanganywa.

Kusamehe si kusema kwamba haikuwa mbaya. Kisichokuwa kibaya hakihitaji kusamehewa. Kinahitaji kueleweka tu. Anayesema “nimekusamehe” amekwisha kusema “ulitenda uovu”.

Kusamehe si kusahau. Tumeona ya Yusufu.

Kusamehe si kukataa mahakama. Naweza kumwondolea mtu chuki yangu, na bado nikaenda kushuhudia kweli mbele ya hakimu, ili asimtende mwingine.

Tena kusamehe si kurudi kukaa nyumba moja mara moja. Yusufu hakujifunua siku ya kwanza. Aliwaweka ndugu zake kizuizini siku 3, akamzuia Simeoni, akaficha kikombe katika gunia la Benyamini. Wengine husema alikuwa akilipiza kisasi. Mimi naona alikuwa akitafuta jibu la swali moja: Je, watu hawa wamebadilika? Na jibu lilitoka kwa Yuda, yule yule aliyetoa shauri la kumuuza. Safari hii Yuda alisema yeye abaki mtumwa badala ya mdogo wake (Mwanzo 44). Hapo ndipo Yusufu hakuweza kujizuia. Moyo unaweza kusamehe peke yake. Kupatana kunahitaji watu wawili, na wa pili lazima awe amegeuka.

Ndugu zetu Waacholi wa kaskazini mwa Uganda wanalijua hilo tangu zamani. Wana desturi iitwayo mato oput, yaani kunywa mzizi mchungu. Mtu akiua, koo mbili hukaa zikazungumza, kweli ikasemwa, fidia ikalipwa, na mwishoni ndipo pande zote zikanywa pamoja kinywaji kile kichungu katika kibuyu. Angalieni mpangilio: kweli kwanza, fidia pili, kibuyu mwisho. Sisi wahubiri tunataka kuanza na kibuyu. Tena tunakitaka kiwe kitamu.

NANI ATASAMEHE KWA NIABA YA WAFU?

Sasa turudi kwenye swali la mama. Tusilikwepe.

Nina mfano wa mwanamke wa hapa Uganda. Tarehe 10 Oktoba 1996 waasi wa LRA waliingia usiku katika shule ya wasichana ya St Mary's, Aboke, wakachukua wasichana 139. Sista Rachele Fassera aliwafuata porini, akarudi na 109. Wasichana 30 walibaki mikononi mwa waasi. Mmoja wao alikuwa binti wa Angelina Atyam, mkunga wa Lira. Wazazi walikutana kila juma kuomba. Mama huyo ameeleza kwamba siku moja, katika Sala ya Bwana, walipofika kwenye maneno ya kuwasamehe waliotukosea, walikwama. Walishindwa kuendelea. Walitambua kwamba walikuwa wakiomba wahukumiwe wenyewe. Yeye alikwenda mpaka akamtafuta mama wa yule kamanda aliyemshikilia binti yake, akamwambia kwamba amemsamehe.

Lakini sikilizeni upande wa pili wa habari hii. Mama Angelina hakukaa kimya kwa sababu amesamehe. Alipaza sauti kila mahali pamoja na wazazi wenzake, mpaka mwaka 1998 akapewa tuzo ya Umoja wa Mataifa ya haki za binadamu. Waasi waliona sauti hiyo inawaumiza, wakamwahidi kumrudishia binti yake kama atanyamaza. Alikataa. Alisema wote waachiwe, kwa sababu kila mtoto aliyechukuliwa alikuwa mtoto wake. Binti yake alirudi mwaka 2004, baada ya miaka zaidi ya 7.

Katika habari hii naona mwanzo wa jibu. Mama Angelina alisamehe lililokuwa lake: uchungu wake, usingizi wake uliopotea. Hilo lilikuwa deni lake, na ni yeye peke yake aliyeweza kulichana. Lakini hakuuza la wengine. Hakusema: “Mimi nimesamehe, basi yaishe kwa wote.” Alipoulizwa kuhusu wale wengine, alisimama upande wao.

Basi nadhani yule mama wa matoke ana haki. Hakuna aliye hai anayeweza kusamehe kwa niaba ya aliyekufa. Fikirini deni ambalo watu kumi wanamdai mtu mmoja. Mimi naweza kuchana karatasi yangu. Siwezi kuingiza mkono mfukoni mwa jirani nikachana ya kwake. Na kama jirani huyo amelala kaburini, au hana hata kaburi, karatasi yake iko mkononi mwa Mungu.

Mtu atauliza: “Kama ni hivyo, msamaha wa mwanadamu haukamiliki kamwe?” Ndiyo, ndugu, haukamiliki. Hilo halinivunji moyo. Linaniondolea mzigo ambao sikupewa niubebe. Mjane hatakiwi kutamka kwamba mauaji ya watu wake yamekwisha. Anatakiwa, siku Mungu atakapomwezesha, kutoa chuki iliyo ndani yake mwenyewe, isimle yeye na watoto wake. Kwa wafu kazi yetu ni nyingine: kuwalinda wasisahauliwe, na kweli yao isipunguzwe. Rispa, mama aliyeuawa wanawe, alitandaza gunia juu ya mwamba, akawazuia ndege mchana na wanyama usiku wasiiguse miili ile (2 Samweli 21). Hakuna mahali palipoandikwa kwamba alisamehe, wala kwamba alikemewa kwa kutosamehe. Imeandikwa tu kwamba alilinda, mpaka mfalme mwenyewe akasikia, akakusanya mifupa akaizika kwa heshima. Mahali pengine kanisa linatakiwa kuketi na Rispa kwanza, kabla ya kumhubiri.

Wako wanaoogopa kwamba nikisema hivi ninawapa watu ruhusa ya kukaa na chuki. Hapana. Chuki ni moto katika nyumba ya nyasi, na mwenye nyumba ndiye anayeungua. Bwana wetu anatuita tusamehe, na hajapunguza wito huo. Ninachosema ni kwamba anatuita kama daktari, si kama askari wa barabarani. Daktari hushika kidonda, huuliza ni wapi panapouma, na husubiri.

NYUMBANI KWETU NAGURU

Tusidhani pia kwamba sisi wageni tu ndio tunaojua kuhama. Julai 2011 nyumba za zamani za Naguru na Nakawa zilibomolewa, na familia nyingi za Waganda zikajikuta nje na magodoro yao. Jirani yako anayekuuzia makaa pale chini huenda naye ana siku yake ambayo hapendi kuitaja. Anza kumsalimia vizuri.

Kwa wazazi nina ombi. Mtoto akiwa kwenye simu au kompyuta, usimnyang'anye tu. Keti naye dakika chache. Muulize: “Wewe ni nani humo ndani? Unamkimbia nani? Ukishinda, unamfanya nini aliyekushinda kwanza?” Anaweza kukujibu kuhusu mchezo, na ukisikia vizuri utaona anajibu kuhusu jambo jingine. Kama anacheza michezo ya kuua tu, usiku hadi usiku, naye hasemi na mtu, mtafutie mtu wa kuzungumza naye, mshauri au mganga wa hospitali. Kwenda hospitali kwa ajili ya moyo si aibu kuliko kwenda kwa ajili ya malaria.

Na yule mama? Jumapili iliyofuata nilimwendea baada ya ibada. Nikamwambia: “Mama, siku ile ulipokuja kwangu nilikukatisha. Nilikukosea. Nisamehe. Na kama bado unataka kunieleza, nitasikiliza mpaka mwisho, sitafungua Biblia.”

Alinitazama kwa muda. Kisha akasema: “Hilo la kunikatisha nimekusamehe, Papa, maana ni langu. Hilo lingine tutaona.” Akacheka kidogo. Jioni ya Jumatano alikuja, akakaa kwenye kigoda karibu na jiko, akaanza mwanzo. Ilikuwa usiku alipomaliza. Aliwataja wafu wake kwa majina yao yote, mmoja mmoja, na mke wangu aliyarudia kila jina baada yake.

Kijana wa kompyuta bado hajafika mwisho wa mchezo. Ameniambia akifika ataniita. Nimemwambia asiwe na haraka.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA FAMILIA

1. Ni nani nyumbani kwetu ambaye habari yake haijasikilizwa mpaka mwisho?
2. Katika yale tuliyotendewa, lipi ni langu kusamehe, na lipi ni la mwingine?
3. Je, tunawataja wafu wetu kwa majina mbele ya watoto, au tumewazika mara mbili?

Mungu wa Yusufu, aliyemwona akilia chumbani, awaone na ninyi. Amina.